Kutoka Jalada la Kesi hadi Riwaya ya Kihistoria: Mauaji ya Msitu wa Pande ya 2006 na Wajibu wa Mtunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kesi ya mauaji iliyotikisa jamii inavyoweza kuwa malighafi ya riwaya ya kihistoria, na mipaka anayopaswa kuizingatia mtunzi anayeichukua kesi hiyo. Mfano wa msingi ni mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva mmoja wa teksi wa Manzese, yaliyotokea Dar es Salaam tarehe 14 Januari 2006. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Uhistoria Mpya, makala yanailinganisha kesi hiyo na matukio mawili yanayohusishwa na riwaya za Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi na Haini (2003) ya Adam Shafi. Hoja kuu ni kwamba katika kesi ya Pande, bunilizi ya kwanza haikuandikwa na mtunzi bali ilitolewa na watu wenye dhamana ya kulinda raia. Kwa sababu hiyo, riwaya inayoijengea hadithi kesi hii inabeba wajibu wa pekee kwa wafu, kwa waliohukumiwa, na kwa walioachiwa huru.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameizoea riwaya ya upelelezi. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale (1960), msomaji wa Kiswahili amejifunza kumfuata Bwana Msa akichambua alama ndogondogo hadi ukweli unapodhihirika. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alimleta Inspekta Wingo, askari mwenye akili na uadilifu. Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akamuumba Joram Kiango. Wahusika hawa wanatofautiana kwa kazi na tabia, lakini wanaungana katika jambo moja: mchunguzi yuko upande wa ukweli, na kazi ikiisha, mpangilio wa jamii hurejea mahali pake.

Je, inakuwaje pale ambapo wanaotuhumiwa kuua ndio hao waliopaswa kuchunguza? Swali hili haliwezi kujibiwa ndani ya kanuni za riwaya ya upelelezi pekee. Linahitaji aina nyingine ya utanzu, ambayo ni riwaya ya kihistoria, yaani bunilizi inayolichukua tukio lililotokea, ikalizungushia wahusika na mazungumzo ya kubuni, kisha ikalitumia kuuliza jamii ilikuwa katika hali gani hata tukio hilo likawezekana.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, kueleza namna watunzi wa Kiswahili walivyokwisha kuyageuza mauaji halisi kuwa riwaya. Pili, kuichambua kesi ya Pande kama matini, kwa kubainisha masimulizi yaliyoshindana ndani yake. Tatu, kupendekeza vigezo vya kumpima mtunzi atakayeichukua kesi hiyo au nyingine ya aina yake.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Uhistoria Mpya, inayohusishwa zaidi na Stephen Greenblatt tangu miaka ya 1980, hukataa kuiona historia kuwa ukuta wa nyuma ambao mbele yake fasihi huchezwa. Kwa mtazamo huu, kumbukumbu za mahakama, taarifa za polisi, habari za magazeti na riwaya zote ni matini. Zote huzalishwa na watu wenye mamlaka na maslahi fulani, na zote huathiriana. Kabla ya Greenblatt, Hayden White katika Metahistory (1973) alikwisha kuonesha kwamba hata mwanahistoria hupanga matukio yake kwa kufuata miundo ya usimulizi.

Mawazo haya yana faida na hatari. Faida yake ni kwamba yanamwezesha mhakiki kulisoma jalada la kesi kwa makini yaleyale anayoisomea riwaya: nani anasimulia, nani amenyimwa sauti, mandhari imechaguliwaje, msuko unaelekea wapi. Hatari yake ni kuteleza hadi kudai kwamba kwa kuwa kila kitu ni simulizi, basi hakuna ukweli. Makala haya yanaikataa hatua hiyo ya pili. Watu wanne waliuawa. Waliuawa mahali fulani na si pengine. Tofauti kati ya simulizi ya kweli na ya uongo kuhusu mahali hapo si suala la mtindo wa uandishi, kwani ndiyo iliyoamua kama wafu hao wangezikwa wakiitwa majambazi au raia.

3.0 Vitangulizi katika Riwaya ya Kiswahili

3.1 Isimani, 1971

Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi katika eneo la Isimani. Ulikuwa wakati wa kusukuma siasa ya Ujamaa vijijini, na Isimani ilikuwa na wakulima wenye mashamba makubwa ya mahindi. Mwamwindi mwenyewe alijipeleka polisi akiwa na mwili wa marehemu ndani ya gari la marehemu huyohuyo. Alishtakiwa, akatiwa hatiani na kunyongwa.

Miaka minne baadaye Kezilahabi alichapisha Dunia Uwanja wa Fujo. Mhusika mkuu, Tumaini, anapitia maisha ya anasa na misukosuko, kisha anakuwa mkulima tajiri. Siasa mpya inapoitishia mali yake, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Mfanano na tukio la Isimani uko wazi, lakini mtunzi hakulinakili. Amebadili majina, na amehamisha mandhari kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi upande wa Ziwa Victoria anakotoka yeye mwenyewe. Muhimu zaidi, amempa muuaji maisha marefu kabla ya kosa lake. Mahakama iliuliza kama mshtakiwa alikuwa na nia ovu, au kama alichokozwa kiasi cha kupunguza kosa. Riwaya inauliza maisha ya mtu yana maana gani hata akafikia pale. Ni maswali mawili tofauti, na riwaya haikujaribu kulitengua jibu la mahakama.

3.2 Kisiwandui, 1972

Tarehe 7 Aprili 1972, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya Chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui. Mamia ya watu walikamatwa. Kesi ya uhaini iliyofuata iliendeshwa katika mahakama ya wananchi, ambamo washtakiwa hawakuwa na mawakili wa utetezi. Adam Shafi, ambaye naye aliwekwa kizuizini baada ya tukio hilo, alichapisha Haini mwaka 2003, takribani miaka thelathini na moja baadaye.

Katika Haini, mkazo hauko kwenye mauaji yenyewe bali kwenye yale yaliyowapata waliotuhumiwa. Kupitia mhusika Hamza, msomaji anaingizwa gerezani na kuoneshwa namna ungamo linavyotengenezwa kwa mateso. Hapa riwaya inatenda kazi tofauti na ile ya Kezilahabi. Pale ambapo mahakama haikuruhusu utetezi, riwaya inakuwa utetezi uliochelewa.

3.3 Umbali wa wakati

Mifano hii miwili inaibua suala la umbali. Walter Scott, anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa riwaya ya kihistoria ya Ulaya, aliipa Waverley (1814) kijina kinachoashiria umbali wa miaka sitini kutoka katika matukio. Margaret Atwood aliandika Alias Grace (1996) kuhusu mauaji yaliyotokea Kanada mwaka 1843, wakati ambapo kila aliyehusika alikwisha kufa. Truman Capote, kwa upande wake, alichapisha In Cold Blood mwaka 1966, miaka saba tu baada ya familia ya watu wanne kuuawa katika kijiji cha Holcomb, jimbo la Kansas nchini Marekani. Alidai kuandika ukweli mtupu, lakini baadaye ilibainika kwamba onesho la mwisho la kitabu, lile la makaburini, alilibuni.

Kutokana na mifano hii, makala yanashikilia kwamba idadi ya miaka si kipimo kinachotosha. Kipimo bora ni kuuliza: je, wako hai ambao simulizi hii inaweza kuwaponya au kuwaumiza? Wakiwapo, mtunzi ana deni la ziada. Kosa la Capote halikuwa kubuni, kwani kubuni ndiyo kazi ya mtunzi. Kosa lake lilikuwa kubuni huku akimwambia msomaji kwamba hakubuni.

4.0 Kesi ya Pande kwa Muhtasari

Mnamo Januari 2006 jiji la Dar es Salaam lilikuwa katika hofu ya ujambazi wa kutumia silaha. Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa haijamaliza mwezi mmoja madarakani, na shinikizo la kuwaonesha wananchi kwamba majambazi wanadhibitiwa lilikuwa kubwa.

Tarehe 14 Januari, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, walikamatwa na askari eneo la Sinza Palestina pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha. Usiku huo wote wanne walikuwa wamekwisha kufa. Taarifa ya polisi ilieleza kwamba walikuwa majambazi waliotoka kupora fedha za kampuni moja, na kwamba waliuawa katika majibizano ya risasi karibu na ukuta mmoja huko Sinza.

Ndugu wa marehemu hawakuikubali taarifa hiyo. Malalamiko yao yalisikika, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Uchunguzi ulionesha kwamba marehemu hawakuwa majambazi, na kwamba hawakuuawa Sinza katika majibizano yoyote. Walipelekwa Msitu wa Pande, upande wa Mbezi Luis, wakapigwa risasi huko.

Maofisa na askari kadhaa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, akiwamo Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, na Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Wilaya ya Kinondoni. Tarehe 17 Agosti 2009, mbele ya Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu, Zombe na wenzake wanane waliachiwa huru. Jaji alikubali kwamba marehemu waliuawa kikatili na bila hatia, lakini akaona kwamba waliofyatua risasi hawakuwa miongoni mwa waliosimama mbele yake. Askari aliyetajwa kuwa ndiye mfyatuaji alikuwa hajakamatwa.

Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Rufaa ya kwanza iliondolewa mwaka 2013 kwa kasoro ya kisheria, ikawasilishwa upya. Septemba 2016, zaidi ya miaka kumi baada ya mauaji, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani Bageni na kumhukumu kunyongwa hadi kufa. Uamuzi wa kumwachia Zombe ulibaki palepale. Ikumbukwe kwamba adhabu ya kifo, ingawa imo katika Kanuni ya Adhabu na ni ya lazima kwa anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, haijatekelezwa Tanzania tangu mwaka 1994.

5.0 Mjadala: Bunilizi ya Kwanza

5.1 Taarifa ya polisi kama matini ya kubuni

Tukiisoma taarifa ya kwanza ya polisi kwa jicho la mhakiki, tunakuta ina viungo vyote vya hadithi. Ina wahusika waliogawanywa kwa wazi: majambazi upande mmoja, walinzi wa raia upande mwingine. Ina mandhari: ukuta wa Sinza, mahali penye watu na penye kuaminika. Ina mgogoro: uporaji. Ina kilele: majibizano ya risasi. Ina mwisho unaomridhisha msikilizaji: majambazi wamekufa, jiji liko salama. Aidha, ina hadhira iliyokuwa tayari kuipokea, kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha kuiandaa.

Hapa ndipo kesi ya Pande inapotofautiana na ile ya Isimani. Mwamwindi hakusimulia uongo. Aliua mchana, akaenda polisi. Katika kesi ya Pande, mauaji yalifuatwa na utunzi. Inawezekana hata kusema kwamba utunzi ulikuwa sehemu ya mauaji, kwa sababu marehemu waliuawa mara mbili: mwili msituni, na jina katika taarifa. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, katika kesi hii ufupi huo haukuja wenyewe. Ulitokana na ndugu waliokataa kunyamaza, wakasafiri, wakauliza, wakazungumza na vyombo vya habari.

Kwa mantiki hiyo, mtunzi wa riwaya ya kihistoria kuhusu Pande hawi msimulizi wa kwanza. Anaingia katika uwanja ambao tayari una masimulizi manne: la polisi, la ndugu, la tume na la mahakama. Kazi yake si kuongeza la tano lililo tamu kuliko mengine. Kazi yake ni kumwonesha msomaji namna la kwanza lilivyoweza kuaminika, japo kwa siku chache, na ni nani tulikuwa sisi tulioliamini.

5.2 Kimya cha jalada

Jalada la kesi lina mengi, lakini lina kimya chake. Kesi ya mauaji huuliza maswali yanayohitajika kuthibitisha kosa: nani aliua, kwa nia gani, ushahidi unatosha kuondoa shaka ya msingi au la. Haiulizi dereva wa teksi aliamkaje asubuhi ile, alikuwa amepanga kurudi nyumbani saa ngapi, au aliwafikiriaje abiria wake. Kisheria, maswali hayo hayana uzito. Kifasihi, ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Dereva huyo ndiye mhusika anayestahili kuwa moyo wa riwaya. Wafanyabiashara walikuwa na mali iliyoweza kumtamanisha mtu, ilhali yeye hakuwa na chochote zaidi ya usukani. Aliingia katika kifo kwa kufanya kazi yake ya kila siku. Msomaji yeyote wa Manzese, Tandale, Mbagala au Tandika atamtambua mara moja, kwa kuwa kila mtaa una mtu wa namna hiyo: kijana anayesubiri abiria kijiweni, asiyechagua nani apande wala aende wapi. Georg Lukács, katika kazi yake kuhusu riwaya ya kihistoria, alieleza kwamba mhusika mkuu anayefaa ni mtu wa kawaida anayejikuta katikati ya nguvu zinazopambana, wala si mfalme au jemadari. Dereva wa teksi anakidhi maelezo hayo bila kulazimishwa.

5.3 Nani asihukumiwe na riwaya

Suala gumu zaidi ni la walioachiwa huru. Katika mazungumzo ya mitaani na hata magazetini, kesi hii inajulikana kwa jina la mtu ambaye mahakama mbili, kwa nyakati tofauti, hazikumtia hatiani. Marehemu wanatajwa kwa jumla tu, “wafanyabiashara wa Mahenge”, na mara nyingi dereva husahaulika kabisa. Aliyetiwa hatiani hatajwi sana. Jina la kesi, kwa hiyo, ni simulizi fupi inayopingana na hukumu.

Mtunzi anaweza kushawishika kuifuata sauti ya mitaani, akamfanya mhusika anayefanana na mtu aliyeachiwa huru kuwa mwovu mkuu wa hadithi. Makala haya yanaona kwamba kufanya hivyo ni kosa la aina mbili. Ni kosa la kisheria, kwa kuwa sheria ya kashfa haimkingi mwandishi kwa sababu tu kitabu chake kimeitwa riwaya. Ni kosa la kisanaa pia. Riwaya inayomtafuta mwovu mmoja inairudia kanuni ileile ya taarifa ya kwanza ya polisi: tafuta mtu wa kulaumiwa, umpe sura mbaya, ufunge hadithi. Swali la kihistoria linapotea, nalo ni hili: mfumo gani wa amri, hofu na ukimya uliwawezesha watu wengi waliovaa sare kuwa sehemu ya usiku ule bila hata mmoja kusema “hapana” kwa sauti iliyosikika?

6.0 Mandhari na Usahihi wa Wakati

Riwaya ya kihistoria hudai usahihi wa vitu vidogo, na katika kesi hii vitu vidogo vina nguvu ya kimaana. Mwaka 2006 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilikuwa bado hazijawa wilaya. Sinza, Manzese na Mbezi Luis, ambazo leo zimo katika Ubungo, zilikuwa Kinondoni. Mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro yalianza mwaka 2016, mwaka uleule wa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mhusika wa 2006 anapanda daladala, na msafiri kutoka Morogoro anashukia Kituo cha Mabasi cha Ubungo, si kituo kipya cha Mbezi Luis kilichofunguliwa mwaka 2021.

Mbezi Luis yenyewe ni mfano mzuri wa namna mandhari inavyosimulia. Msomaji wa leo anaifahamu kama lango lenye pilikapilika usiku na mchana. Mwaka 2006 ilikuwa pembezoni, na njia ya kuelekea Pande ilikuwa giza. Mtunzi asipoirudisha giza hiyo, msomaji hataelewa kwa nini mahali pale palichaguliwa. Umbali kati ya Sinza yenye taa na Pande yenye miti ndio umbali kati ya taarifa na ukweli.

Vivyo hivyo kuhusu fedha. Huduma ya kutuma na kuhifadhi fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008. Mfanyabiashara wa madini wa mwaka 2006 aliyekuja mjini kuuza mawe alilazimika kurudi na noti mfukoni au ndani ya mfuko. Kwa macho ya askari asiye mwadilifu, bunda la noti mikononi mwa mtu wa bara asiye na mwenyeji mkubwa lingeweza kuitwa ushahidi wa uporaji, au lingeweza kuwa kishawishi. Mtunzi akimpa mhusika wake simu yenye fedha ndani, atakuwa amekosea tarehe, na papo hapo atakuwa ameifuta moja ya sababu zilizomfanya mtu huyo awe mnyonge.

Lugha nayo ina tarehe. Neno “jambazi” katika magazeti ya wakati ule lilitumika kabla ya hukumu yoyote, na mara nyingi kabla ya majina. Mtunzi makini ataliacha litumike hivyo katika vinywa vya wahusika, kisha ataliacha lipungue uzito sura baada ya sura, hadi msomaji alione haya. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kulitumia neno na kulichunguza.

7.0 Majina ya Wafu

Limebaki suala la majina. Kezilahabi alibadili majina na mahali. Ebrahim Hussein, katika tamthiliya ya Kinjeketile (1969), alibakiza jina la kihistoria lakini akatahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuniwa na si sawasawa na yule aliyeishi. Mtunzi wa Pande afuate njia ipi?

Kubadili majina kunawalinda ndugu walio hai. Mama wa Mahenge au mjane wa Manzese hakuomba maisha yake yawe kitabu cha kiada. Lakini kubadili majina kunaweza pia kuendeleza ufutaji ulioanza siku ile ya kwanza, pale watu wanne walipogeuzwa kuwa kundi. Hakuna jibu lisilo na gharama. Msimamo wa makala haya ni kwamba mtunzi abadili majina, lakini asibadili idadi. Wawe wanne, kila mmoja na sauti yake, kazi yake na mtu anayemsubiri. Makosa dhidi ya marehemu hawa yalianza kwa kuwajumlisha, na heshima kwao inaanza kwa kuwahesabu mmojammoja. Aidha, atangaze waziwazi katika dibaji kwamba amebuni, na aeleze aliposhikilia kumbukumbu na alipoziacha. Uwazi huo, ambao Capote aliukwepa na Hussein akauzingatia, haupunguzi nguvu ya sanaa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba riwaya ya Kiswahili ina uzoefu wa kuyageukia mauaji yaliyotikisa taifa, na kwamba kila tukio limedai mkabala wake. Tukio la Isimani lilidai kueleweka kwa maisha ya muuaji. Tukio la Kisiwandui lilidai utetezi wa waliotuhumiwa. Tukio la Pande linadai jambo la tatu: kuchunguzwa kwa simulizi rasmi iliyotungwa ili kuficha.

Kutokana na mjadala huo, vigezo vinne vinapendekezwa kwa mtunzi na kwa mhakiki. Kwanza, riwaya isiibadili hukumu kwa mlango wa nyuma: aliyeachiwa huru asinyongwe na bunilizi. Pili, ijaze kimya cha jalada na si kelele zake. Tatu, izingatie tarehe ya kila kitu, kwa kuwa vitu vya wakati ule vilikuwa sehemu ya sababu. Nne, iwarudishie wafu upekee wao hata inapowaficha majina.

Mahakama ya Rufani ilipomaliza kazi yake mwaka 2016, swali la kisheria lilifungwa kwa kiwango ambacho ushahidi uliruhusu. Swali la kibinadamu halikufungwa. Bado pako mahali kati ya Sinza na Mbezi Luis ambapo gari lilipita usiku likiwa na watu wanne walio hai, na hakuna ushahidi uliotolewa kizimbani unaoweza kutuambia walizungumza nini njiani. Mtunzi pekee ndiye anayeruhusiwa kuwapa maneno. Ruhusa hiyo ni nzito, na makala haya yameandikwa ili atakayeitumia aitumie akijua uzito wake.